Wati 500 za Kibandiko: Historia Fupi ya Pawa Saplai

Wiki hii naweka mambo ya programu kando nizungumzie kile kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya kompyuta ya mezani, chenye feni na soketi ya waya wa stima. Mafundi wetu wa Nairobi hukiita pawa saplai, nami nitakiita hivyo hivyo. Watu wengi wanaojiundia kompyuta hukinunua mwisho kabisa, kwa pesa zilizobaki. Nilifanya vivyo hivyo mwaka wa 2019, nikiwa mwaka wa mwisho chuoni.

Nilikuwa na prosesa ya wati 84 na kadi ya picha ya mitumba ya wati 120. Nikapiga hesabu, nikaongeza za diski na feni, nikaona wati 300 zinatosha. Dukani nikapata pawa saplai mpya imeandikwa wati 500, shilingi 1,500. Nani angekataa? Ilifanya kazi wiki tatu. Usiku mmoja nikasikia mlio kama wa kizibo cha soda, nikasikia harufu, na kompyuta ikazima. Diski ilienda nayo. Mradi wangu wa mwisho ulikuwa ndani, na nakala niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya wiki tano nyuma. (Ndiyo, nilikuwa naijua Git. Usinicheke.)

Kesho yake ndipo nikasoma kibandiko kizima. Laini ya volti 5 ilikuwa na ampea 30, ya volti 3.3 ampea 28, na ya volti 12 ampea 16 tu. Zidisha 12 kwa 16, unapata wati 192. Prosesa na kadi ya picha, vyote viwili, hula kutoka laini hiyo ya 12, na vyangu peke yake vilitaka 204. Zile wati nyingine zilikuwepo labda, lakini kwenye laini ambazo kompyuta yangu haikuwa na haja nazo. Kwa nini mtu atengeneze kitu kama hicho? Hapo ndipo nikaanza kuchimba historia.

Turudi 1975. Kompyuta ya Altair 8800 ilikuwa na transfoma kubwa ya chuma iliyoshusha umeme moja kwa moja, kisha ziada ikachomwa ikawa joto. Nzito, na ya hasara. Apple II ya mwaka 1977 ilikuja na njia nyingine: Rod Holt aliiundia pawa saplai inayokata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Ukikata haraka hivyo, transfoma ndogo inatosha, na joto linapungua. Steve Jobs hakutaka feni yenye kelele, kwa hivyo jambo hili lilimfaa sana. Baadaye alidai kwamba kompyuta zote zilimwiga Holt. Hapo alitia chumvi. Mbinu hiyo ilikuwa ikitumika kwenye mitambo mikubwa tangu miaka ya 1960, na Robert Boschert alikuwa akiziuza pawa saplai za aina hiyo kabla ya Apple II. Kilichobadilika ni kwamba transista za kuhimili volti kubwa zilishuka bei.

IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na wati 63.5. Angalia zilivyogawanywa: volti 5 kwa ampea 7, yaani wati 35, na volti 12 kwa ampea 2, yaani 24. Chipu nyingi zilikula volti 5. Ile 12 ilikuwa hasa ya kuzungusha mota za diski. Mwaka 1983 ikaja XT yenye diski ngumu, wati 130. Mwaka 1984 ikaja AT, wati 192. Namba ile ile ya laini yangu ya 12, lakini AT ilikuwa mashine nzima! Mafundi wakubwa kwetu wanazikumbuka plagi mbili za AT, ambazo ilibidi nyaya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza, bodi kuu umeiua.

Intel ilitoa mpangilio wa ATX mwaka 1995: plagi moja isiyogeuzika, laini mpya ya volti 3.3, na kompyuta kujizima yenyewe. Lakini mzigo mkubwa ulibaki kwenye volti ndogo. Shida ikaja prosesa zilipoanza kula sana. Wati 60 kwa volti 5 ni ampea 12. Kwa volti 12 ni ampea 5 tu. Na joto kwenye waya linapanda kwa mraba wa ampea, kwa hivyo hiyo si tofauti ndogo. Pentium 4 ilipotoka mwaka 2000, iliongezewa plagi ya pini nne ya volti 12, na bodi kuu ikapewa kazi ya kuzishusha karibu kabisa na prosesa. Mwaka 2003 mpangilio wa ATX12V 2.0 ukahamishia uzito mkubwa kwenye laini ya 12.

Kwa hivyo kisanduku changu cha 2019 kilikuwa na mgao wa kabla ya Pentium 4. Hata ukijumlisha laini zote kwenye kibandiko, hufiki 450 na ushee, sembuse 500.

Kuna kitu kingine kinachotuhusu sisi wa volti 240: ile swichi nyekundu ya nyuma, 115 au 230. Kompyuta za mitumba kutoka Marekani zilifika zimewekwa 115. Kwenye nafasi hiyo saketi huzidisha volti maradufu. Umeme wetu ukinyooshwa ni kama volti 340; maradufu ni 680, kwenye kapasita mbili ambazo kwa kawaida zimeundiwa volti 200 kila moja. Wengi waliosoma kwenye maabara za kompyuta za shule wanaujua huo mlipuko. Pawa saplai nzuri za leo hujirekebisha zenyewe, hazina swichi hiyo. Ukiiona kwenye kitu “kipya”, jiulize muundo wake ni wa lini.

Alama ya 80 Plus ilianza mwaka 2004, nayo inahusu umeme unaopotea: angalau asilimia 80 ya unachovuta ukutani ifike ndani. Kwa mwenye mita ya tokeni hilo lina maana, lakini alama hiyo si dhamana dhidi ya moto. Mwaka 2022 kadi za RTX 4090 zilitoka na plagi ya kupitisha hadi wati 600, sawa na ampea 50, na baadhi zikayeyuka. Volti 12 nayo imeanza kuwa ndogo.

Siku hizi nina ya wati 550, na laini ya 12 peke yake inabeba ampea 45. Mradi niliuandika upya kwa leptopu ya dada yangu, usiku, akishalala.

Ile ya zamani ninayo bado. Niliifungua (usiige, kapasita huweka umeme hata baada ya kuchomoa). Kwenye ubao, pale stima inapoingia, nafasi za koili na kapasita za kuchuja zimechorwa vizuri, kila moja na namba yake. Hakuna koili hata moja. Zimeunganishwa kwa vipande vya waya.