Samaki Mgeni, Kuogelea kwa Nyumbani

Kuogelea kwa Kiwelisi ni nofio. Litamke "novio", maana f yao moja ni v yetu. Bwawa la kuogelea ni pwll nofio, na kuelea juu ya maji ni arnofio.

Ukilisikia haraka utadhani ni Kilatini, kwa kuwa Warumi walisema natare. Na dhana hiyo ina msingi. Warumi waliivamia Britania mwaka 43 BK, na utawala wao ulipokoma mwanzoni mwa karne ya 5, walikuwa wameacha maneno tele. Daraja ni pont, dirisha ni ffenestr, samaki ni pysgodyn: yote asili yake Kilatini. Kwa nini basi nofio lisiwe mojawapo?

Jibu liko ng'ambo ya maji, Ayalandi, ambako Warumi hawakuwahi kutawala. Huko kuogelea ni snámh. Kiwelisi kiliidondosha s ya kale iliyotangulia n, Kiayalandi kikabaki nayo. Tazama sindano: Waayalandi husema snáthad, Wawelisi nodwydd. Ule mh wa Kiayalandi na f ya Kiwelisi, zote ni m ya zamani iliyolainika. Natare haina m hiyo, na t yake haimo katika nofio. Kwa hiyo Kilatini hapa ni ndugu, si mzazi. Ndugu mwingine yuko mbali, kwenye Kisanskriti: snāti, yaani anaoga.

Basi Mwelisi akisema samaki anaogelea, samaki ni wa Mrumi, kuogelea ni kwake mwenyewe.

Sasa hebu irudie sentensi hiyohiyo kwa Kiswahili. Samaki tumempata kwa Waarabu. Kuogelea je? Kumezaliwa na kuoga, kitenzi cha Kibantu, kikarefushwa kwa viambishi vya Kibantu. Yaani mambo ni yaleyale!

Ndiyo maana mtu akikuorodheshea kitabu, dunia na samaki ili athibitishe kwamba Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu, usibishane naye juu ya orodha, kwani maneno hayo kweli yalikopwa. Mwulize tu huyo samaki anafanya nini majini. Nomino husafiri na wafanyabiashara na majeshi, lakini nasaba ya lugha huitafuti kwenye mizigo iliyoshushwa bandarini.