Sheria Iliyowekwa Kando

Wako wanaoshika kwamba serikali yenye nia njema haiwezi kushtakiwa ubaguzi wa rangi. Mambo yaliyotukia Australia mwaka 2007 yataka hoja hiyo ipimwe upya.

Katika kura ya maoni ya mwaka 1967, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wa nchi ile walikubali kufuta katika Katiba maneno yaliyowatenga Waaborijini, wenyeji wake wa asili. Kura hiyo husifiwa, na yastahili. Walakini wengi husahau kilichokuwamo. Bunge la taifa lilipewa uwezo wa kutunga sheria mahsusi kwa Waaborijini, wala hapakuandikwa kwamba sheria hizo sharti ziwafae. Kinga ilikuja mwaka 1975 kwa Sheria ya Kukataza Ubaguzi wa Rangi.

Mwaka 2007 Rex Wild na Pat Anderson walitoa ripoti juu ya watoto walionajisiwa katika Northern Territory. Uovu huo ulikuwa wa kweli, na aukanushaye hawatetei watoto. Pendekezo la kwanza la ripoti lilisisitiza kushauriana na Waaborijini wenyewe. Badala yake, serikali ya John Howard ilipeleka askari jeshi. Katika vijiji 73 pombe ilipigwa marufuku, na nusu ya fedha za msaada wa serikali ikazuiwa, isitumike ila kwa chakula na mahitaji ya lazima. Mlevi na asiyeonja tone, mzazi mwema na mzembe, wote walifungwa kamba moja, maana kipimo kilikuwa kijiji cha mtu, si mwenendo wake.

Ili hayo yafanyike, Bunge lilisimamisha sehemu ya sheria ile ya 1975. Watetezi walisema hizi ni hatua maalumu ambazo sheria yenyewe yaziruhusu. Jibu hilo lajipinga: kama sheria iliziruhusu, ilisimamishwa kwa nini? James Anaya, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alipozuru mwaka 2009 alisema wazi kwamba hatua hizo zabagua.

Mwaka 2010 Bunge liliamua kuirudisha sheria. Uzuiaji wa fedha haukukoma; ulienezwa katika jimbo lote pasipo kutaja rangi ya mtu, na wengi mno wa walioguswa wakabaki kuwa Waaborijini.