Unasoma Kitabu Gani, na kwa Nani? Historia ya Kuandika Majina ya Wasikilizaji

 

Wanafunzi wawili wa elimu wakikutana, baada ya salamu na kujuliana hali huulizana: "Siku hizi unasoma nini?" Zama zetu hizi jibu huwa ni jina la kitabu tu. Huenda mtu akatuma picha ya jalada kwa simu, au akataja orodha ndefu ya vitabu vilivyomo ndani ya simu hiyo ambavyo vingi vyao hajavifungua. Kwa wazee wetu jibu hilo lilikuwa ni nusu ya jibu. Lazima angeulizwa nusu ya pili: kwa nani? Lugha yetu yenyewe inashuhudia hayo, kwani katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu, na chuo hicho hicho ni mahali pa kusomea mbele ya mwalimu, na ndipo tukapata neno mwanachuoni. Kitabu na mwalimu wamo katika neno moja.

Tumeona tuwaeleze wasomaji wetu historia ya desturi moja ya Waislamu ambayo wengi wamekwisha kuisahau, nayo ni kuandika, juu ya kitabu chenyewe, ni nani aliyekisoma, mbele ya nani, wapi, siku gani, na ni sehemu ipi iliyompita. Ndani ya desturi hiyo mna mas-ala ya fiqhi, na hata kesi zilizofika mbele ya makadhi.

Tuanze na mtu ambaye hapana mwanafunzi wa Kishafi asiyemjua, Imam Nawawi (631–676 H / 1233–1277 M). Mwanafunzi wake, Ibn al-Attar, ametuhifadhia orodha ya aliyokuwa akiyasoma Imam katika ujana wake mjini Damascus, alikofika mwaka 649 H akiwa na umri wa miaka kumi na tisa na kukaa katika Madrasa ya Rawahiyya. Kila siku alikuwa akihudhuria darsa kumi na mbili mbele ya masheikh wake. Miongoni mwa hizo ni al-Wasit ya Ghazali na al-Muhadhdhab ya Abu Ishaq Shirazi katika fiqhi, Sahih Muslim katika Hadithi, al-Luma' ya Ibn Jinni katika nahau, Islah al-Mantiq ya Ibn al-Sikkit katika lugha, na nyinginezo katika sarufi, usuli na majina ya wapokezi. Al-Tanbih aliihifadhi kwa moyo kwa muda wa kiasi cha miezi minne na nusu.

Lakini lililotupendeza zaidi katika habari hiyo ni kitabu alichokiacha. Iliwahi kumjia Imam fikra ya kusoma utabibu, akanunua al-Qanun ya Ibn Sina. Akaona moyo wake umeingia kiza na siku kadhaa hawezi kushughulika na chochote, hatimaye akakiuza kitabu kile. Hatuna maana kwamba utabibu ni elimu mbaya, na wala yeye hakusema hivyo. Huo ni faradhi ya kutosheleza. Makusudio yetu ni kwamba mwanafunzi wake aliona ni amana kuandika hata kile ambacho sheikh wake alikinunua na hakukisoma.

Sasa tuingie katika desturi yenyewe. Kitabu cha Hadithi kilipokuwa kikisomwa katika majlisi, mtu mmoja alikuwa msomaji, sheikh mwenye isnadi akisikiliza na kusahihisha, na mwingine akikabidhiwa kazi ya kuandika majina ya waliohudhuria. Maandishi hayo huitwa samaa, yaani usikilizaji, na huwekwa katika ukurasa wa mwanzo, au mwisho wa kitabu, au pembezoni. Huandikwa jina la sheikh na isnadi yake, jina la msomaji, majina ya wasikilizaji mmoja mmoja, mahali na tarehe; kisha sheikh hutia mkono wake kuthibitisha kwamba ni sahihi. Aliyechelewa huandikwa kwamba amechelewa, na aliyetoka kabla ya kumalizika huandikwa alipoishia. Ibn al-Salah (577–643 H / 1181–1245 M), ambaye ndiye aliyekuwa sheikh wa kwanza wa Dar al-Hadith al-Ashrafiyya ilipofunguliwa Damascus mwaka 630 H, amemuusia mwandishi wa majina awe mwaminifu, na amemtahadharisha asije akaliacha jina la mtu kwa sababu ya chuki au maslahi yake. Bila shaka hakutahadharisha jambo ambalo halikuwa likitokea.

Je, usikilizaji wa nani ni sahihi? Hapa maulamaa walikhitalifiana. Wapo walioona kwamba mwenye kuandika jambo jengine wakati kitabu kinasomwa, usikilizaji wake haufai. Wengine wakasema unafaa maadamu anafahamu kinachosomwa. Hoja yao mashuhuri ni kisa cha Daraqutni. Alihudhuria katika ujana wake majlisi ya Ismail al-Saffar huku akinakili juzuu nyingine. Mtu mmoja akamwambia kuwa usikilizaji wake si sahihi. Daraqutni akamuuliza: sheikh amekwisha kusoma Hadithi ngapi mpaka sasa? Yule hakujua. Akamwambia ni kumi na nane, kisha akazitaja zote kwa isnadi zake na maneno yake, kwa mpango ule ule zilivyosomwa. Bila ya shaka Daraqutni si kila mtu! Ndiyo maana Ibn al-Salah akaona bora sheikh awape ijaza wote waliohudhuria, ili ijaza hiyo izibe pengo la neno lililowapita kwa usingizi, kwa umbali, au kwa haraka ya msomaji.

Na watoto? Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Mahmud bin al-Rabi' alimkumbuka Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) akimrushia usoni maji ya kinywani mwake kutoka kwenye ndoo, naye akiwa na umri wa miaka mitano. Watu wa Hadithi wakachukua hapo mazoea yao: mtoto wa miaka mitano na zaidi huandikwa kuwa "amesikia", na aliye chini ya hapo huandikwa kuwa "amehudhuria". Ibn al-Salah mwenyewe aliona kipimo cha kweli ni mtoto kufahamu anachoambiwa na kuweza kujibu, hata akiwa chini ya miaka mitano. Na asiyefahamu hapana faida, hata akiwa na miaka hamsini. Angalieni tafauti ya maneno hayo mawili, amesikia na amehudhuria. Wangapi leo tunahudhuria darsa za Ramadhani kisha tukaeleza kwamba tumesoma?

Mas-ala yenye uzito zaidi katika mlango huu ni haya: ikiwa jina lako limeandikwa ndani ya kitabu cha mwenzako, naye akakataa kukuazima ukinakili, je, anaweza kulazimishwa? Kesi hii ilifika kwa Hafs bin Ghiyath, kadhi wa Kufa (aliyefariki mwaka 194 H). Akamwambia mwenye vitabu avilete. Alilokuwa ameliandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, kwamba fulani amesikia pamoja naye, alilazimishwa kumtolea mwenzake kitabu. Lililoandikwa kwa mkono wa yule mdai hakulazimishwa. Ismail bin Ishaq, kadhi wa Kimaliki wa Baghdad (aliyefariki mwaka 282 H), alihukumu hivyo hivyo, na katika Mashafi akakubali Abu Abdillahi al-Zubayri. Ibn al-Salah ametoa sababu yake: mwenye kitabu ameandika jina la mwenzake kwa hiari yake, basi amekuwa kama shahidi aliyebeba ushahidi wa mtu. Shahidi anawajibika kuutekeleza hata kwa kujisumbua kwenda mahakamani, na huyu anawajibika kuutekeleza hata kwa kutoa mali yake iazimwe. Kwa hivyo kusoma pamoja kulizaa haki, na haki hiyo ilikuwa ikidaiwa mbele ya kadhi.

Tusije tukadhani kuwa kila majlisi ilikuwa ya tafakuri na ufafanuzi. Al-Khatib al-Baghdadi (392–463 H) alimsomea Bibi Karima al-Marwaziyya, mwanamke mtukufu aliyekuwa akisomesha Sahih Bukhari mjini Makka, kitabu chote kwa siku tano wakati wa Hija. Mwendo huo si wa kufahamu hukumu, ni wa kupokea isnadi, na Ibn al-Salah amekiri wazi kwamba katika zama zake makusudio makubwa yalikuwa kuhifadhi isnadi ambayo ni fahari ya umma huu. Kwa maoni yetu hapana aibu katika hilo, maadamu karatasi yenyewe inasema siku tano. Aibu ni kusoma kwa siku tano kisha kujitia umesoma kwa miaka mitano.

Na zilikuwako majlisi za aina nyingine kabisa. Sharaf al-Din al-Yunini (aliyefariki mwaka 701 H) aliisoma Sahih Bukhari mjini Damascus mbele ya kundi la watu, na miongoni mwao yumo Ibn Malik, mtunzi wa Alfiyya. Ibn Malik anasikia Hadithi kutoka kwa Yunini, na kila likija neno ambalo iirabu yake ina mashaka, Yunini anamuuliza Ibn Malik. Mwalimu na mwanafunzi wanabadilishana mikeka! Walimaliza kwa majlisi 71, na Ibn Malik akaandika hayo kwa mkono wake. Katika kusikia huko ndiko kilikotoka kitabu chake cha kueleza mushkili wa nahau katika Bukhari. Na nakala ya Yunini ndiyo iliyotegemewa Sultan Abdulhamid II alipoamrisha Sahih ichapwe Bulaq, Misri, kati ya mwaka 1311 na 1313 H. Kila anayeshika chapa zilizofuata hiyo anashika matunda ya majlisi zile 71.

Mtu wa mwisho wa Damascus tutakayemtaja ni Yusuf bin Abdil-Hadi wa Salihiyya, mwanachuoni wa Kihanbali (840–909 H). Aliandika orodha ya vitabu vyake mwenyewe, yapata 3,000, vingi vyao vikiwa ni vijuzuu vidogo vilivyoshonwa pamoja, akaviweka wakfu. Vingi vipo hadi leo Damascus, na mtu akivifungua hukuta maandishi yake kwamba siku fulani alikisoma kitabu hiki nyumbani, wakasikia wanawe, wake zake, na mjakazi wake Bulbul aliyemzalia watoto, ambaye alimwandikia kitabu kidogo cha habari zake baada ya kufa. Mwanachuoni aliyetunga mamia ya vitabu hakuona taabu kuwaandika watu wa nyumba yake kuwa ni wasikilizaji wenye haki ya kupokea kutoka kwake.

Huku kwetu pwani desturi hii ilikuja zaidi kwa sura ya ijaza na safari. Sheikh Abdallah Bakathir (1860–1925), mzaliwa wa Lamu, aliandika safari yake ya Hadhramaut na wanavyuoni aliokutana nao. Rafiki na mwalimu wake, Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861–1925), kadhi wa Zanzibar, aliandika al-Ibtihaj kueleza istilahi za al-Minhaj ya Nawawi, yule yule kijana wa darsa kumi na mbili. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, kilichochapwa Mombasa mwaka 1972, anapomtaja mtu humtaja na masheikh aliosoma kwao. Lau asingeandika, nusu ya silsila zetu zingekuwa zimekwisha kuzikwa na wenyewe.

Vitabu vya mababu bado vimo makabatini katika nyumba nyingi za pwani, na mara kwa mara vinachukuliwa kujalidiwa upya kwa sababu vimeliwa na mchwa. Tunawaomba wenye vitabu hivyo, na maimamu walio na makabati ya misikiti, wafungue kwanza ukurasa wa mwanzo na wa mwisho, na watazame pembezoni, kabla ya kumkabidhi fundi. Fundi hukata kingo ili kitabu kikae sawa, na karatasi chakavu za mbele huzitupa akaweka mpya. Jina la aliyekisoma, la sheikh wake, na tarehe, aghlabu huwa hapo hapo.

Wallahu aalam.