Bomba Linapoziba: Historia ya Dawa Nzito na Mbegu za Kunyunyizia

Kila mwenye bomba la mgongoni anaijua taabu hii: mvua imetulia kidogo, kahawa inangoja dawa, umejaza bomba, unapiga pampu, na dawa haitoki. Nozeli imeziba. Taabu hii ina umri wa zaidi ya miaka 100. Basi tuone waliotutangulia walifanyaje.

Tuanzie Ufaransa. Mwaka 1878 ugonjwa wa ukungu kutoka Marekani uliingia katika mizabibu ya huko, na majani yakaanza kupukutika. Mwaka 1882 Profesa Millardet, wa chuo kikuu cha Bordeaux, aliona jambo la ajabu. Mizabibu ya kando ya barabara ilikuwa na majani mazuri, ya ndani ya shamba imeachwa mitupu. Kumbe wenye shamba walikuwa wameipaka ile ya kando mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ili wapita njia wadhani ina sumu wasiibe zabibu! Millardet akaifanyia kazi habari hiyo, na mwaka 1885 akaitangaza dawa yake.

Dawa ilipatikana, lakini kuitia ndiyo ilikuwa kazi. Ilikuwa nzito kama uji mwepesi. Mwanzoni watu walichovya vifagio katika ndoo na kuirashia mizabibu. Dawa nyingi ilimwagika chini, na majani mengine hayakupata kitu. Ndipo yakaja mabomba ya mgongoni. Lakini chembe za chokaa zikawa zinaziba tundu la nozeli. Mfaransa mmoja, Vermorel, akachukua nozeli iliyobuniwa Marekani, akaitia sindano ndogo. Ikiziba, mtu anabonyeza tu, sindano inasukuma taka nje. Hakuna haja ya kuifungua.

Kwetu sisi habari hii si ya mbali. Ugonjwa wa chulebuni ulionekana magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na dawa za shaba, ndugu wa ule mrututu, zimekuwa silaha ya wakulima wa kahawa.

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani, miaka ya 1950. Huko walichonga milima kupitisha barabara, na kingo zilizobaki wazi zilichukuliwa na mvua. Kupanda nyasi kwa mkono kwenye mteremko mkali ni hatari, tena ni kazi ya siku nyingi. Mwaka 1953 kampuni ya Finn, ya Ohio, ikatoa mashine yenye tangi, pampu na mpira mrefu. Ndani ya tangi unatia maji, mbegu za nyasi na mbolea; baadaye wakaongeza nyuzi za mbao za kushika unyevu. Uji huo unarushwa mlimani. Mwaka 1956 ilipopitishwa sheria ya kujenga barabara kuu nchini kote, kazi ya namna hii ikaongezeka sana.

Na wao pia walikutana na yale yale. Tangi lisipokorogwa, vitu vizito vinatuama chini. Nyuzi zikimwagwa zote kwa mara moja, zinafanya mabonge. Kiungo cha mpira wa kuvutia kikilegea, pampu inavuta hewa na nguvu inapotea. Mbegu zikikaa muda mrefu katika maji ya mbolea, zinaharibika. Kwa hiyo wakajifunza utaratibu: maji kwanza, mkorogo uanze, vitu vingine vifuate kidogo kidogo, na kazi ikiisha pitisha maji safi.

Utaratibu huo unakufaa na wewe, ndugu mkulima. Dawa ya unga ikoroge kwanza katika kopo la maji kidogo, kisha ichuje kwa kitambaa unapoimimina. Mrututu usiutie katika chombo cha chuma, maana unakila chuma. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa utumie siku hiyo hiyo, usiulaze. Ukiwa shambani, tikisa bomba kila mara.

Likiziba, toa kwanza nguvu ya hewa iliyomo. Kisha anzia mbele urudi nyuma: nozeli, chujio, mpira, halafu vali. Kama hakuna kilichoziba na bado nguvu haipo, angalia washa za pampu, huenda zimechakaa.

Na jambo moja ulishike sana: usipulize nozeli kwa mdomo. Wengi wetu tunafanya hivyo kwa haraka, lakini unaweza kumeza sumu. Usitumie msumari pia, maana unapanua tundu, na dawa itatoka matone makubwa ya kupotea bure. Tumia maji safi na brashi laini, au unywele mgumu wa ufagio.

Bomba lioshe jioni, si asubuhi ya pili. Maji ya kuoshea yasimwagwe karibu na kisima au mto. Kwa leo tunaishia hapo, ndugu mkulima. Kazi njema.