Mapunye, Wembe na Kofia ya Chuoni

Mama wa Ng'ambo akimleta mtoto mwenye mapunye, huanza kwa kujitetea: "Dokta, namkogesha kila siku!" Mimi ni muuguzi wa siku nyingi hapa Unguja, na utetezi huo huniuma, kwani mapunye si uchafu. Ni fangasi. Daktari David Gruby alimweleza fangasi huyo mwaka 1843, alipochunguza kwa hadubini nywele za watoto wa Paris.

Utotoni mwetu tuliambukizana chuoni, tulikosoma Kurani. Tulibanana mkekani, wavulana wakibadilishana kofia, wasichana tukichanana kwa kitana kimoja. Kinyozi alikuja barazani akawanyoa upara ndugu wote kwa wembe ule ule. Nyumbani bibi alitusugua kitunguu thaumu mpaka kichwa kikawaka moto. Hospitali tukapewa marhamu ya Whitfield. Magamba yakapukutika, mwezi haujesha mapunye yamerudi. Fangasi huyu hujificha ndani ya unywele hadi shinani, na dawa ya kupaka haimfikii.

Ulaya walilijua hilo mapema, wakatafuta namna ya kuziangusha nywele zote. Mwaka 1904 Raymond Sabouraud wa Paris alitumia eksirei. Nikilikumbuka jambo hili nasikitika sana: Israel, katika miaka ya 1950, maelfu ya watoto walipigwa mionzi hiyo kichwani, na baadhi yao ukubwani wakaota uvimbe wa ubongo. Afueni ya kweli ilianza 1958, vidonge vya griseofulvini vilipotumiwa kwa binadamu.

Siku hizi wembe wa barazani umeipisha mashine ya umeme, Darajani hadi Makunduchi. Fangasi hakuhama. Vipande vya nywele hunasa kwenye meno ya mashine na kuhamia kichwa kinachofuata. London na Marekani, fangasi wa aina ya Trichophyton tonsurans ndiye aliyewapiku wenzake. Afrika Mashariki wanaotajwa sana ni Trichophyton violaceum na Microsporum audouinii, na wote hao hupita kutoka mtoto hadi mtoto.

Basi, wazazi wenzangu, mpelekeni mtoto hospitali apewe vidonge hivyo vya griseofulvini, avinywe wiki sita hadi nane, pamoja na chakula chenye mafuta, hata kama nywele zimeshaanza kuota. Watazameni na nduguze vichwa. Vinyozi, safisheni meno ya mashine kila mnapomaliza kichwa. Nanyi walimu wa vyuo na skuli, mtoto aliyekwisha anza dawa msimfukuze darasani.