Asili ya Ukulele na Ngeli Yake

Mfasiri anayekutana na neno ukulele kwa mara ya kwanza huenda akatatizwa na mambo mawili. Kwanza, linafanana mno na ukelele, yaani sauti kali ya mtu anayepiga yowe. Pili, linaanza kwa u, na mazoea yetu ya ukuta na kuta yaweza kumshawishi aunde wingi wa "kulele". Historia ya ala hii yatosha kumwongoza.

Ukulele ni ala ndogo ya nyuzi nne iliyozaliwa Hawaii, lakini mbegu yake ilitoka Ureno. Mwezi wa Agosti 1879, meli ya Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na mamia ya Wareno wa kisiwa cha Madeira, walioajiriwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Baadaye mafundi hao waliunda ala kwa kufuata machete na rajão za kwao, wakitumia mbao za koa, mti wa Hawaii. Mfalme Kalākaua aliipenda na kuiingiza katika muziki wa ikulu. Maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1915 yakaieneza kote Marekani.

Kwa Kihawaii, ʻuku ni kiroboto na lele ni kuruka. Wengi husema kwamba jina hili lilitokana na vidole vya mpigaji vinavyorukaruka juu ya nyuzi. Malkia Liliʻuokalani alipendelea maana nyingine: zawadi iliyokuja. Kwa maelezo yote mawili, u ya mwanzo ni sehemu ya neno lenyewe wala si kiambishi cha ngeli. Kwa hiyo inafaa tuseme ukulele hii na ukulele hizi, kama tusemavyo redio.

Je, "gitaa dogo" halitoshi? Halitoshi. Wahawaii walipokea ala ya wageni, wakaipa jina kwa lugha yao. Ufalme wao ulipinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Kihawaii kilirudishiwa hadhi ya lugha rasmi mwaka 1978. Lakini katika miaka yote hiyo ya kunyamazishwa, neno hili lilizidi kutamkwa duniani. Sisi tunaoshughulikia istilahi tusiwe wa kulifuta.