Nani Ameshika Swichi? Sinema, Betri na Giza la Dodoma

Historia ya sinema vijijini kwetu imezoeleka kuandikwa kupitia filamu zenyewe: nani aliigiza, nani alifundishwa nini. Leo naomba tuipitie kwa mlango wa nyuma, mlango wa umeme. Naamini swali la nani alikuwa na nguvu ya kuwasha taa linaeleza mengi kuliko orodha ya filamu.

Tuanzie mwaka 1935. Huko Vugiri, katika milima ya Usambara, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukiendeshwa na Meja L. A. Notcutt, mtu aliyewahi kusimamia shamba la mkonge, pamoja na G. C. Latham, aliyekuwa ofisa wa elimu Rhodesia ya Kaskazini. Fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya Marekani. Hadi mradi ulipokoma mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35: safura, akiba ya posta, mbegu bora na mengine ya aina hiyo. Sauti waliiweka kwenye santuri, na lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kushuka hadi Nyasaland.

Kwa nini lori? Hapo ndipo penye siri. Taa ya projekta ya filamu za milimita 16, kwa miaka mingi, ilikula wati 750 au hata 1,000. Sasa chukua betri ya gari ya volti 12 yenye ampea-saa 100. Kwa hesabu ni wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza yote unaiua, kwa hiyo tumia nusu: 600. Taa ya wati 750 itaimaliza nusu hiyo kwa dakika 48, na hapo hujahesabu mota wala spika. Kwa hiyo jenereta ilikuwa lazima. Jenereta inataka petroli, petroli inataka gari, gari linataka dereva na fundi, na wote hao wanataka mshahara. Mwisho wa mnyororo huo unamkuta nani? Serikali, misheni au kampuni kubwa. Mwanakijiji hayumo.

Ndiyo maana filamu zilikuwa vile zilivyokuwa. Mwingereza William Sellers, kiongozi wa Colonial Film Unit iliyoanzishwa mwaka 1939, aliamini kwamba Mwafrika anahitaji filamu za polepole, rahisi, zisizo na michezo ya kamera. Watazamaji hawakuwa na namna ya kumjibu kwa kuchagua filamu nyingine, kwa sababu gari lilikuwa moja na swichi ilikuwa moja.

Uhuru ulibadili ujumbe kuliko ulivyobadili mtambo. Tanzania Film Company iliundwa mwaka 1968. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, Wagogo wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akaenda Chamwino kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Televisheni Tanzania Bara haikuwapo hadi mwaka 1994. Katika miaka yote hiyo, picha inayotembea ilifika kijijini kwa gari la sinema la serikali, likiwa na jenereta yake na kipaza sauti chake. Ujumbe sasa ulikuwa wetu, sawa, lakini bado ulikuja na gari na kuondoka na gari.

Mapinduzi ya kweli yalitoka mahali pengine kabisa. Mwaka 1987, Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments alibuni kidude chenye vioo vidogo mno vinavyogeukageuka kuelekeza mwanga. Baadaye taa za LED zikachukua nafasi ya zile balbu kubwa, na projekta ikaanza kusinyaa. Mwaka 2009 Nikon walitoa kamera yenye projekta ndani. Mwaka 2011 Fujitsu wakaiweka kwenye kompyuta mpakato. Mwaka 2012 Samsung wakatoa simu ya Galaxy Beam, yenye mwanga wa lumeni 15.

Mbona leo hatuoni laptop zenye projekta kila mahali? Fanya hesabu. Lumeni 50 ukizitandaza kwenye shuka la mita mbili za mraba, unapata laksi 25. Ofisi yenye taa inakuwa na laksi 300 hadi 500. Picha inakuwa kivuli cha picha. Ukitaka mwanga mara kumi zaidi, utalipa kwa chaji, na betri ya laptop ya kawaida ina kama wati-saa 50 tu. Projekta ya wati 60 ingeimaliza kabla hata saa moja haijatimia, na kompyuta yenyewe bado hujailisha.

Lakini angalia hesabu hiyohiyo ukiwa nje ya mji wa Dodoma, kijiji kisicho na taa za nje. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata laksi moja. Hapo laksi 25 ni picha safi kabisa! Giza ambalo tumezoea kulitaja kama umaskini ni mtaji. Na mchana kuna jua: paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua kali, hata ukitoa kinachopotea njiani, inakupa umeme wa kuendesha projekta ya wati 60 jioni nzima.

Hata hivyo, mimi sitetei kufungia projekta ndani ya laptop. Betri ikichoka, fundi wa Majengo atakupatia nyingine. Projekta ikiharibika, utaazima. Vikiunganishwa kwenye boksi moja, kimoja kikifa unazika vyote. Kijijini kifaa chema ni kile kinachofunguka.

Niliwahi kusaidia kuonyesha filamu kijiji kimoja upande wa Mvumi, msimu wa kiangazi, wakati ule wa upepo ambapo shuka linajaa kama tanga na inabidi vijana wawili walishike chini. Filamu ilihusu mifugo. Katikati mzee mmoja akasimama: "Mwanangu, hebu simamisha hapo." Nikasimamisha. Alikuwa na hoja juu ya ng'ombe aliyekuwa kwenye picha, mama mmoja akampinga, na mjadala ukaenda kwa Kigogo na Kiswahili kwa karibu dakika 20 huku projekta ikila chaji. Betri ilikata kabla ya mwisho wa filamu. Mwisho wenyewe nikausimulia kwa mdomo, nao wakausahihisha.

Kwangu hiyo ndiyo tofauti kati ya jenereta ya 1935 na betri ya leo. Chaji ilikuwa chache, lakini ilikuwa ya kijiji, na kijiji kiliamua kuitumia kwa kubishana.

Sasa nguzo za umeme wa REA zinafika vijiji vingi, na ni jambo jema. Kila mtu pia ana simu, na kila simu ina picha zake, inayotazamwa na mtu mmoja aliyeinama. Shuka lililofungwa kati ya miti miwili bado lina kazi yake: ni picha moja inayowekwa mbele ya watu wote, na yeyote kati yao anaruhusiwa kusema, "Simamisha hapo."